Lugha ya Skrini, Leseni na Msanii Chipukizi: Maoni kuhusu Programu za Kutengenezea Muziki Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wetu kuhusu istilahi za Kiswahili umejikita katika madarasa, vitabu vya kiada na, hivi karibuni zaidi, mahakama. Tumebishana iwapo tuseme kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na kila upande umetetea neno lake kwa ari. Hata hivyo, yaelekea kwamba wakati sisi tukibishana juu ya jina la chombo, tumesahau kutazama maneno yaliyoandikwa ndani ya chombo chenyewe. Mtumiaji hana haja ya kulitaja jina la kompyuta mara mia kwa siku. Maneno anayokutana nayo mara mia kwa siku ni yale yaliyo juu ya vitufe na ndani ya menyu, na maneno hayo, kwa sehemu kubwa, si yake.

Makala haya yanatoa maoni kuhusu pembe moja tu ya suala hili, yaani programu za kompyuta zinazotumiwa na watu wanaoanza kutengeneza muziki. Eneo tunalolifikiria ni Masasi, mji ulio chini ya majabali yake, na Newala, iliyo kwenye ukingo wa Uwanda wa Juu wa Makonde na kulitazama bonde la Ruvuma. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo lenye utajiri mkubwa wa ngoma na nyimbo za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Pili, lina historia ndefu ya kukutana na vyombo vya kunasia sauti vilivyobuniwa mbali, kwa lugha ya mbali na kwa masharti ya mbali.

Hoja yetu ni kwamba usumbufu anaoupata msanii chipukizi mbele ya skrini una sura mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni mpangilio wa skrini usiosema lugha yake wala kuujua muziki wake. Ya pili ni leseni asiyoweza kuisoma, na mara nyingi asiyoweza kuinunua. Tunadai kwamba zote mbili ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la ufundi, na kwa hiyo haziwezi kuachiwa wahandisi peke yao.

2.0 Chombo na Muziki: Funzo la Mwaka 1906

Mwaka 1906, muda mfupi baada ya Vita vya Majimaji kuitikisa nchi ya kusini, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi na baadaye akapanda hadi Newala. Miongoni mwa mizigo yake kulikuwa na fonografu, chombo kilichonasa sauti juu ya mitungi ya nta. Aliowanasa ni pamoja na waimbaji wa mahali pale, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 anamtaja mwimbaji kipofu aitwaye Sulila, aliyeimba mbele ya boma la Masasi.

Mambo mawili katika tukio hili yanatuhusu leo. Jambo la kwanza ni kwamba chombo kiliuwekea muziki masharti. Mtungi wa nta ulibeba dakika chache tu, hivyo wimbo uliozoea kuendelea kadiri wachezaji walivyopenda ulilazimika kukatwa. Pembe ya fonografu ilisikia kilichokuwa karibu nayo, hivyo mwimbaji alisogezwa na waitikiaji wakabaki nyuma. Kilichohifadhiwa kikawa sehemu ya ngoma ile iliyoweza kuingia ndani ya mtungi.

Jambo la pili linahusu umiliki. Mitungi ya Weule iliingizwa katika hazina ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, na mwaka 1999 mikusanyo ya hazina hiyo iliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Sauti zilitoka Masasi na Newala, lakini ufunguo wa kabati, orodha ya yaliyomo na lugha ya orodha hiyo vilibaki kwingine. Hatusemi haya kwa ajili ya kulaumu wafu. Tunasema kwa sababu mambo haya mawili, yaani chombo kinachouwekea muziki masharti na ufunguo unaokaa kwingine, ndiyo yanayoonekana tena katika programu za leo.

3.0 Skrini Inasema na Nani?

Tumchukue kijana wa Newala aliyeazima kompyuta ya mkononi na kuwekewa ndani yake FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Programu hii inafaa kuwa mfano kwa kuwa inajulikana sana kwa watengenezaji wa muziki wa kizazi kipya nchini. Anapoifungua, anakutana na safu za visanduku. Kila safu ni ala moja, na kila safu ina visanduku 16 vilivyopangwa vinne vinne. Akibonyeza kisanduku, ala inalia mahali pale.

Kwa mtu aliyelelewa na muziki wa miguu minne, mpangilio huu ni wepesi ajabu. Kwa aliyekulia kwenye sindimba na ngoma za jando na unyago, mambo ni tofauti. Wataalamu kama J. H. Kwabena Nketia na Gerhard Kubik walikwisha onyesha kwamba midundo mingi ya Kiafrika hujengwa juu ya mzunguko wa mapigo 12, ambao unaweza kugawanywa tatu tatu na nne nne kwa wakati mmoja, ngoma moja ikifuata mgawanyo huu na nyingine ule. Ni kweli kwamba idadi ya visanduku inaweza kubadilishwa. Lakini badiliko hilo limefichwa ndani ya menyu, na menyu imeandikwa Kiingereza. Hivyo mdundo wa kigeni unapatikana bila kuulizwa, na mdundo wa nyumbani unahitaji mtu ajue lugha ya kigeni ili auombe. Hapo ndipo tunaposema kwamba tatizo la mpangilio wa skrini ni tatizo la lugha.

Yafaa pia tutazame majina ya noti. Programu hizi huonyesha picha ya vibao vya kinanda pamoja na herufi za Kizungu. Lakini mwanakwaya wa Masasi, ambako Waanglikana wa UMCA walifika mwaka 1876, au wa Ndanda, ambako Wabenediktini walianza kazi mwaka 1906, amerithi utamaduni wa kwaya unaofundishwa kwa do, re, mi. Huyu si mjinga wa muziki. Anaweza kusoma wimbo wa sauti nne na kuimba sauti yake bila kukosea. Skrini ndiyo inayomfanya mjinga, kwa kuwa imechagua mfumo mmoja wa kuandika muziki na kuuita muziki wenyewe.

3.1 Neno "Sauti" na Matatizo Yake

Huenda msomaji akadhani kwamba dawa ni kutafsiri tu. Laiti ingekuwa hivyo. Tuchukue neno moja, sauti. Tunasema "ongeza sauti", tukimaanisha ukubwa wake. Tunasema "rekodi sauti", tukimaanisha kile kinachonaswa, kiwe ni mtu au ngoma. Tunasema "ana sauti nzuri", tukimaanisha koo la mwimbaji. Wanakwaya husema "sauti ya kwanza" hadi "ya nne", wakimaanisha nafasi katika upatanifu. Na mtu akisema "sauti ya juu", hatujui kama anamaanisha kali kwa kimo au kubwa kwa nguvu.

Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Kwenye skrini hakuna muktadha: kuna kitufe na neno moja. Mfasiri atakayeandika "sauti" kwenye vitufe vitano vyenye kazi tano atakuwa ametafsiri kila kitu na hajafafanua chochote.

Hapa taaluma yetu ina la kutoa. Wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kusema kidatu tunapotaka kutaja kimo cha sauti, na tumekitenga na mkazo, toni na kiimbo. Neno hilo lipo na limezoeleka vyuoni. Hakuna sababu ya kulifungia katika mihadhara ya fonolojia huku fundi wa studio akihangaika. Kwa hiyo tungependekeza kidatu kwa kimo, ukubwa wa sauti (au nguvu, pale nafasi inapokuwa finyu) kwa kiwango cha usikikaji, uimbaji kwa mchango wa mwimbaji, na sauti libaki kwa kile kinachonaswa.

Ngoma zenyewe zina hazina ya maneno. Kasi ya wimbo ina jina lake, mwendo, na kila mcheza ngoma analijua. Ala moja inapokwenda sambamba na nyingine twaweza kusema kila moja ina mkondo wake. Kipande kinachojirudia kimependekezwa na baadhi yetu kiitwe kibwagizo, lakini hatukubaliani nao. Kibwagizo hurudi baada ya ubeti, yaani kuna kinachopita katikati yake. Kipande cha kompyuta hujirudia mfululizo bila kusubiri, hivyo marudio au mzunguko vinafaa zaidi. Na kwa ngazi za ala, kwa nini tusiwe na vumi, msondo na chapuo kando ya majina ya ngoma za Kizungu? Anayejua kwamba vumi hubeba sauti nzito na chapuo huchangamsha hahitaji kufundishwa tena kazi ya kila safu.

3.2 Nani Anamwamuru Nani?

Liko pia tatizo la sarufi ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Kitufe kikisomeka "Hifadhi", anayeamuru ni mtumiaji na anayeamriwa ni mashine. Kidirisha kikisomeka "Ingiza namba ya leseni", anayeamuru ni mashine. Kwa umbo, vitenzi hivi viwili ni sawa: vyote ni amri. Mtumiaji mpya hana njia ya kujua ni wakati gani yeye ni bwana na ni wakati gani ni mtumwa. Kiswahili kina uwezo wa kutofautisha hali hizi, kwa mfano kwa kutumia dhamira tegemezi ("Uingize namba ya leseni") au neno la heshima pale mashine inapomwomba mtu. Lugha yenye adabu kama hii haipaswi kuonekana kwenye skrini kama lugha ya askari wa gereza.

Mwisho, kuna suala la nafasi. Vitufe vingi vimekatwa kwa kipimo cha maneno mafupi ya Kiingereza. Kiswahili hubeba nafsi, wakati na utendwa ndani ya kitenzi kimoja, na "haujahifadhiwa" haliingii kwenye kisanduku cha herufi nne. Tafsiri inayokatwa katikati ni mbaya kuliko kutokuwa na tafsiri. Kwa hiyo lugha lazima ifikiriwe wakati skrini inapochorwa. Haiwezi kumwagwa juu yake baadaye kama chokaa juu ya ukuta.

4.0 Leseni: Ruhusa Isiyosomeka

Tukija kwenye leseni, tuanze na neno lenyewe. Mswahili wa Tanzania anajua leseni ya udereva na leseni ya biashara. Zote hutolewa na mamlaka ya nchi. Leseni ya programu ni kitu kingine kabisa: ni mkataba baina ya mtu binafsi na kampuni, na kinachouzwa ni ruhusa ya kutumia, wala si mali. Kijana anaposema "nimenunua programu", kitenzi kununua kinamdanganya. Anadhani ana kitu kama jembe, anachoweza kukiazimisha, kukirithisha au kukiuza. Tungependekeza istilahi idhini ya matumizi, kwa kuwa inasema wazi kwamba mwenye mali ni mwingine.

Masharti ya idhini hizi hutofautiana. FL Studio, kwa mfano, ina toleo la majaribio lisilo na malipo, ambalo huruhusu mtu kutunga na hata kutoa wimbo uliokamilika. Huruhusu pia kuhifadhi kazi. Lakini kazi iliyohifadhiwa haifunguliki tena mpaka leseni inunuliwe. Mkulima wa Newala au Masasi ataielewa hali hii haraka. Tangu msimu wa 2007/08, ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani katika Mkoa wa Mtwara, anajua maana ya kuweka korosho ghalani na kubaki na karatasi mkononi. Tofauti ni kwamba mwenye stakabadhi aliambiwa mapema, kwa Kiswahili, kwamba korosho zake zitauzwa mnadani. Msanii anaweza kugundua baada ya wiki ya kazi kwamba ghala lake limefungwa. Sharti lilikuwa limeandikwa, bila shaka, ila hakuwa na lugha ya kulisoma.

Zipo programu zilizofunga mlango kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi matoleo makubwa ya Cubase, programu ya kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, yalihitaji kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ili yafanye kazi, na kifaa hicho kikipotea au kuharibika, kazi husimama. Sharti hilo liliondolewa kwa toleo la 12 lililotoka mwaka 2022, na badala yake ukawekwa uthibitisho wa kupitia intaneti. Kwa mtu wa Hamburg, huo ni wepesi. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa vifurushi, ni ufunguo mwingine unaokaa kwingine.

Matokeo yake tunayajua sote: nakala zilizovunjwa kufuli, zinazopita mkono kwa mkono ndani ya diski mweko, mara nyingi pamoja na virusi. Hatuwezi kulifumbia macho jambo hili, wala hatulitetei. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda programu ya kompyuta kama inavyolinda wimbo. Msanii anayelalamika COSOTA kwamba wimbo wake umenakiliwa bila ruhusa, huku ukiwa umetengenezwa kwa programu iliyonakiliwa bila ruhusa, amekaa juu ya tawi analolikata. Lakini uadilifu unadai pande mbili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hoja kwamba mwananchi hawezi kudaiwa kutii asichokielewa. Ikiwa hoja hiyo inaihusu dola, kwa nini isiihusu kampuni inayomtaka mwananchi huyohuyo abonyeze "nakubali" chini ya kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria?

5.0 Pingamizi Tatu

Pingamizi la kwanza husema kwamba vijana wamekwisha zoea Kiingereza cha studio. Wanasema biti, mikisa, prodyuza, na kazi inakwenda. Hatukatai. Maneno hayo yamekwisha kuwa Kiswahili, na mwana istilahi mwenye busara hayafukuzi. Kompyuta lilishinda kwa watu wengi si kwa sababu ngamizi ni neno baya, bali kwa sababu lilifika kwanza vinywani. Lakini kuzoea majina kumi ya vitufe si sawa na kuelewa maelezo, maonyo na masharti. Hasara haitokei kwenye neno biti. Hutokea kwenye sentensi ambayo haikusomwa.

Pingamizi la pili husema kwamba wasanii wetu wamefanikiwa bila msaada huu. Mchiriku ulitumia vinanda vidogo vya Casio, na singeli ya Dar es Salaam imefika majukwaa ya Ulaya kwa mwendo ambao waliobuni programu hawakuutarajia. Hili ni kweli, na ni sifa kwa wasanii. Si sifa kwa chombo. Aliyevuka mto kwa kuogelea hathibitishi kwamba daraja halihitajiki. Tunawajua waliovuka, ila waliorudi Newala na kuiacha kazi hatuna orodha yao.

Pingamizi la tatu husema kwamba jambo lenyewe haliwezekani, kwani kampuni hazitajali soko dogo. Kuhusu uwezekano wa kiufundi, FL Studio yenyewe iliongeza Kichina katika toleo la 21 la mwaka 2022. Kuhusu uwezo wetu, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Mradi ule ulituachia funzo kwamba tafsiri ya programu ni shamba. Programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyopaliliwa humezwa na magugu.

6.0 Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, idara za Kiswahili zianze kazi na programu huria. Audacity, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000, na LMMS, ambayo mpangilio wake unakaribiana na wa FL Studio, zina leseni zinazomruhusu mtu kuzinakili, kuzibadili na kuzitafsiri bila kuomba idhini nyingine. Hapo kijana haibi na mfasiri hapigi magoti.

Pili, istilahi zikusanywe kwa wapigaji wa ngoma, walimu wa kwaya na mafundi wa studio kabla ya kubuniwa mezani. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada ya tasnifu atapata Masasi na Newala mada iliyo hai, na BAKITA itapata orodha ya kusanifisha ambayo tayari ina wasemaji.

Tatu, kila leseni iwe na muhtasari wa Kiswahili sahili, usiozidi ukurasa mmoja, unaojibu maswali ya msingi: Ninaweza kufungua tena kazi yangu? Ninaweza kuuza wimbo nilioutengeneza? Ninaweza kutumia kompyuta mbili? Nahitaji intaneti mara ngapi? Muhtasari huu unaweza kuandikwa na idara ya Kiswahili na kitivo cha sheria kwa pamoja, hata kabla kampuni husika haijashawishika.

Nne, mdundo wa mapigo 12 na majina ya do, re, mi yawekwe mbele katika toleo lolote la Kiswahili litakalotengenezwa, yawe ya kuanzia na si ya kutafutwa.

7.0 Hitimisho

Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumekuwa na hotuba nyingi za kuisifu lugha hii. Sifa hizo ni stahiki yake. Lakini lugha haiishi kwa hotuba. Huishi pale inapofanya kazi, na kazi ya kizazi hiki inafanyika mbele ya skrini. Weule alipoondoka kusini mwaka 1906, waimbaji wa Masasi na Newala hawakuwa na nafasi ya kuamua chombo kiwe na umbo gani, kinase nini, wala mitungi ikae wapi. Wajukuu wa vitukuu vyao wanayo nafasi hiyo, kwa kuwa chombo cha leo kinaweza kuandikwa upya kwa lugha yoyote ambayo watu wake wako tayari kuishughulikia. Kidatu, mwendo, mkondo na idhini ya matumizi ni maneno manne tu. Yakiwekwa mahali pake, msanii chipukizi ataacha kubahatisha vitufe, na tutaanza kuusikia muziki aliokusudia kuutengeneza.